Nilichanika hadi misuli ya haja kubwa. Mtoto wa pili nitamzaaje?

Wakunga, hamjambo?

Nina miaka 31, naishi Umoja, na nina mimba ya wiki 16. Kifungua mimba wangu alizaliwa miaka mitatu iliyopita akiwa na kilo 3.9. Nilisukuma zaidi ya saa mbili, mwishowe akavutwa kwa vakyumu, nami nikachanika. Niliambiwa ni mchaniko wa daraja la tatu, nikapelekwa chumba cha upasuaji nikashonwa. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa waliandika hivyo tu, "daraja la tatu".

Kidonda kilipona. Lakini mpaka leo gesi hunitoka bila kutaka, hasa nikiinuka au nikicheka, na haja kubwa ikinishika lazima nikimbie. Tumbo likiharisha, kuna wakati nguo huchafuka kabla sijafika chooni. Mume wangu anajua nusu tu ya haya.

Kliniki muuguzi alitazama kitabu changu akasema, "Wewe ni wa upasuaji," akamwita mwingine. Mama mkwe anasema mtoto wa pili hupita penye njia, nisikubali kisu. Rafiki yangu anasema niombe wakunga wanikate njia mapema ili nisichanike. Tungependa watoto watatu, Mungu akijalia. Nimsikilize nani? Na ikiwa nitazaa kawaida, nifanye nini yasinipate yale yale?

Mama Baraka, Umoja

JIBU

Mama Baraka, asante kwa kuandika wazi, kwa sababu hilo unalomficha hata mume ndilo litakaloamua mengi. Gesi inayotoka bila ruhusa yako, haja isiyosubiri, na kinyesi chepesi kinachokuwahi kabla ya choo ni dalili kwamba misuli ya kubana haja kubwa haijarudia nguvu zake zote. Dalili hizo hupimwa na hutibiwa. Muuguzi wako hakukosea sana, na mama mkwe ana kaukweli kake, ila wote wawili wamekupa jibu kabla hawajauliza misuli yako inafanya kazi vipi leo.

Kwanza tafuta kujua ulichanika kiasi gani hasa. Daraja la kwanza huishia kwenye ngozi. La pili huingia kwenye misuli ya msamba, sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa. La tatu hufika kwenye misuli miwili ya mviringo inayofunga njia hiyo, na lenyewe lina ngazi: 3a ni pale msuli wa nje unapochanika chini ya nusu ya unene wake, 3b zaidi ya nusu, na 3c ni pale msuli wa ndani nao umechanika. La nne hupasua hadi utando wa ndani wa njia ya haja. Mwenye 3a na mwenye 3c wote huandikiwa "daraja la tatu", ilhali ubashiri wa mimba ijayo si mmoja.

Kwa hiyo andika barua fupi kwa idara ya kumbukumbu ya hospitali uliyojifungulia, ambatanisha nakala ya kitambulisho na namba ya faili, uombe nakala ya maelezo ya upasuaji wa siku ile. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinakupa msingi wa kuomba, iwe hospitali ni ya serikali au ya binafsi. Ukiyapata, tazama mambo haya: ngazi ya mchaniko, kama msuli wa ndani ulishonwa peke yake, mtoto alikuwa ametazama upande gani, na kama ulikatwa kabla ya vakyumu. Mtoto aliyetazama juu badala ya kutazama mgongo wa mama hupanua msamba zaidi, na hilo huenda lisijirudie safari hii. Kilo 3.9, mimba ya kwanza, kusukuma muda mrefu na vakyumu ni mambo ambayo kila moja huongeza hatari. Kwako yalikutana siku moja.

Wakati unasubiri faili, weka daftari kwa wiki mbili. Andika kila mara gesi ilipotoka bila kutaka, kila mara kinyesi kilipotoka na kilikuwa chepesi au kigumu, kama ulihisi kinakuja au uligundua tu nguo imechafuka, na kama ungeweza kujizuia dakika 15 baada ya kushikwa. Swali hilo la dakika 15 lina maana kubwa. Anayeshindwa kujizuia kwa kawaida ana udhaifu kwenye msuli wa nje, ule tunaoubana kwa hiari. Anayekuta nguo imechafuka bila kuhisi chochote, mara nyingi tatizo lake ni msuli wa ndani, ambao hufanya kazi wenyewe na hauimarishwi kwa mazoezi. Kwa maelezo yako unaelekea kundi la kwanza, na hiyo ni afadhali. Pia jibu swali hili kwa ukweli: je, gesi au kinyesi huwahi kutokea upande wa uke? Ikiwa ndiyo, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya njia ya haja kubwa na uke. Usingoje kliniki ijayo, nenda hospitali ya rufaa wiki hii.

Daftari na faili vipeleke kwa daktari wa wanawake, ikiwezekana kabla ya wiki ya 24. Uchunguzi wa kidole wa mtu mzoefu, akikuambia ubane na ulegeze, humwonyesha mengi. Zaidi ya hapo kuna vipimo viwili. Cha kwanza ni skani ya ndani ya njia ya haja kubwa, ambapo kifaa chembamba huingizwa sentimita chache na kuonyesha kama misuli ina pengo. Cha pili ni kipimo cha shinikizo, kinachosoma nguvu unayobana nayo. Vyote havimgusi mtoto, na mjamzito anaweza kufanyiwa. Kliniki zilizobobea Uingereza huliona pengo linalozidi digrii 30 za mviringo, pamoja na nguvu ya kubana inayoongezeka kwa chini ya milimita 20 za zebaki, kuwa sababu ya kumshauri mama apasuliwe. Hapa Nairobi vifaa hivi viko sehemu chache, kwa hiyo omba barua ya rufaa, kisha piga simu Kenyatta au hospitali nyingine kubwa uulize kabla ya kupoteza nauli. Vikikosekana, skani ya kawaida iliyowekwa juu ya msamba na mtu aliyeizoea inaweza kuonyesha misuli hiyo. Hata hiyo ikikosekana, dalili zako na uchunguzi mzuri wa kidole vinatosha kufanyia uamuzi.

Sasa takwimu, kwa sababu zinatisha tu zikisemwa nusunusu. Mwongozo wa 2015 wa chuo cha madaktari wa uzazi cha Uingereza, RCOG, unasema kati ya wanawake 100 waliochanika hivi na kuzaa tena kwa njia ya kawaida, 5 hadi 7 huchanika vile vile. Maana yake wengi sana hawachaniki tena kiasi hicho, na hapo ndipo penye kaukweli ka mama mkwe. Lakini mwongozo huo huo unasema karibu 17 kati ya 100 hupata dalili za haja kubwa zilizozidi baada ya uzazi wa pili wa kawaida, hata pale ambapo mchaniko mkubwa haukurudi. Kichwa kikipita hunyoosha neva na kuilemea misuli ambayo tayari ina upungufu. Na misuli hii hudhoofika zaidi mwanamke anapokoma hedhi, kwa hiyo unachokitunza leo utakihitaji ukiwa na miaka 55.

Asiye na dalili yoyote, ambaye misuli yake imepimwa ikaonekana imeshikana vizuri, tunamwambia azae kawaida bila wasiwasi mkubwa. Wewe hauko huko. Una dalili, na mwanamke mwenye dalili anastahili kupewa upasuaji wa kupangwa kama chaguo la kweli, aelezwe, aamue. Kwa ulichoandika sisi tunaegemea upasuaji, isipokuwa vipimo vije vizuri na dalili zipungue wazi kwa mazoezi. Hayo mawili yakitokea, kuzaa kawaida kunarudi mezani.

Ila usiuchukue upasuaji kama dawa ya tatizo ulilonalo. Unazuia madhara mapya, haurudishi nguvu iliyopotea. Nao una bei yake: kuvuja damu, maambukizi, damu kuganda miguuni, na wiki sita hivi za kutobeba vitu vizito huku Baraka akitaka kubebwa. Kila kovu la mfuko wa uzazi huongeza uwezekano wa kondo la nyuma kung'ang'ania kwenye kovu mimba inayofuata. Kwa watoto watatu utakuwa na upasuaji mara mbili, jambo ambalo wanawake wengi hupitia salama. Mngekuwa mnataka watano, ushauri wetu ungebadilika. Kuhusu gharama, viwango vya bima ya afya ya serikali, SHA, vilivyotangazwa 2024 vilikuwa Sh30,000 kwa upasuaji na Sh10,000 kwa uzazi wa kawaida. Hospitali za binafsi nyingi hutoza zaidi ya hapo, kwa hiyo hakikisha michango yako iko sawa na uulize nyongeza mapema, si siku ya kulazwa.

Sasa jambo ambalo akina mama wengi wa mjini hawaambiwi. Upasuaji wa kupangwa kwa kawaida huwekwa wiki ya 39. Uchungu unaweza kuanza wiki ya 37 usiku wa manane, na uchungu wa pili huenda kasi kuliko wa kwanza. Ukikwama Jogoo Road ukafika njia imefunguka sentimita 9, huenda daktari akasema ni salama zaidi umzae hapo hapo. Ndiyo maana kila aliyechagua upasuaji anahitaji pia mpango wa kuzaa kawaida ulioandikwa na kubandikwa ndani ya kitabu cha mama na mtoto. Uwe na gari la kukodi ulilokubaliana nalo. Uchungu ukianza, usikae nyumbani kusubiri uzidi.

Mpango wenyewe uandikwe hivi. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: "Mchaniko wa daraja la tatu katika uzazi uliopita." Muuguzi wa zamu ya usiku hakujui, na kuna wodi ambako mama mmoja hutazamwa na watu watatu tofauti kabla hajajifungua. Chagua kituo chenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi saa 24 na mtu anayejua kushona misuli hiyo. Zahanati ndogo ya mtaa, hata iwe na wakunga wema vipi, haikufai safari hii.

Njia ikifunguka yote usianze kusukuma kwa sababu tu umeambiwa imefunguka. Ikiwa mtoto yuko salama, subiri msukumo wa mwili wenyewe uje. Ile kelele ya "sukuma, sukuma, usipumue" hukileta kichwa kwa kishindo, na kichwa kinachotoka kwa kishindo hakiupi msamba muda wa kunyooka. Lala ubavu, au piga magoti ukiegemea mikono. Usichuchumae wakati kichwa kinatoka, wala miguu isipandishwe kwenye vishikio kama hakuna kifaa kinachotumika.

Kichwa kinapoanza kuusukuma msamba nje, omba kitambaa cha moto. Utafiti umeonyesha kwamba kitambaa hiki hupunguza michaniko ya daraja la tatu na la nne, nacho hakigharimu kitu. Beba mwenyewe taulo mbili ndogo safi za pamba na chupa ya chai yenye maji moto. Mkunga apime joto kwenye kiwiko au ndani ya kifundo cha mkono wake. Liwe joto linalovumilika, si la kuunguza. Taulo ikamuliwe, ishikiliwe juu ya msamba wakati wa kusukuma, ichovywe tena inapopoa. Kichwa kikifika ukingoni, acha kusukuma kabisa, hema haraka haraka mdomo wazi, huku mkunga akikishika kwa mkono mmoja kisiruke na mkono wa pili ukiushikilia msamba. Dakika hizo mbili au tatu ndizo zenye kazi kubwa. Na mabega yatolewe pole pole pia, kwani wapo wanaochanika kichwa kikiwa tayari nje.

Kukatwa mapema kama anavyosema rafiki yako hatukushauri. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kumkata kila aliyewahi kuchanika kunamkinga. Kukiwa na sababu siku yenyewe, mfano mapigo ya moyo ya mtoto yameshuka au msamba unaonekana unaanza kupasuka kuelekea nyuma, basi mkato uwe wa pembeni, digrii 60 kutoka mstari wa katikati, na ufanywe wakati msamba umenyooka. Mkato wa moja kwa moja kuelekea njia ya haja ndio hasa unaoweza kuleta kile unachokikimbia. Na ikibidi mtoto avutwe, vakyumu huharibu misuli hii kidogo kuliko koleo.

Tangu leo fanya mazoezi. Bana kama anayezuia gesi, kisha vuta na sehemu ya mbele kama anayekata mkojo, bila kukaza makalio wala kuzuia pumzi. Shikilia sekunde 5, pumzika sekunde 5, mara 10. Halafu bana na kuachia haraka mara 10. Hiyo ni awamu moja, fanya awamu tatu kwa siku, na panda hadi sekunde 10 kadiri unavyoweza. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya miezi mitatu hivi, ndiyo sababu wiki ya 16 ni wakati mzuri wa kuanza. Fiziotherapia ya nyonga ipo Nairobi, muombe daktari akuelekeze, maana wanawake wengi husukuma chini wakidhani wanabana.

Kinyesi kiwe laini lakini kishikane. Vidonge vya madini ya chuma unavyopewa kliniki hufunga choo, na kujikamua huidhoofisha misuli ile ile. Usiviache. Kunywa maji, kula maharagwe, papai na mboga za majani, na chooni weka miguu juu ya kigoda uinamie mbele. Omba kupimwa sukari kati ya wiki ya 24 na ya 28, kwa sababu sukari ya mimba hukuza mtoto. Kadirio la uzito kwa skani karibu na wiki ya 36 litasaidia, ila linaweza kukosea kwa asilimia 10 hadi 15, kwa hivyo lisiamue peke yake.

Kukanda msamba kwa mafuta kuanzia wiki ya 34 au 35, mara moja au mbili kwa wiki, kumewasaidia zaidi wanaozaa mara ya kwanza. Kwa wa pili faida iliyoonekana ni maumivu machache miezi mitatu baadaye. Fanya ukipenda, usifanye kama una maambukizi au maji yamevunjika. Shabu, mishubiri na dawa za kubana uke zinazouzwa mitaani usiziweke kabisa. Huunguza na kukausha ngozi, wala hazigusi misuli hii. Na kama umewahi kukeketwa, mwambie mkunga mapema, kwani kovu hilo halinyooki vizuri.

Uamuzi ufikiwe wiki ya 28 hadi 32 na daktari auandike kwenye kitabu. Hapo nenda na mume wako. Mpe daftari alisome kabla, maana atakayekimbizana na gari usiku na kubishana kwa niaba yako mlangoni mwa wodi ni yeye, na hawezi kukutetea kwa jambo analolijua nusu.

Ukizaa kawaida, usishonwe kabla hujachunguzwa kwa kidole njia ya haja kubwa, hata kama mchaniko unaonekana mdogo kwa nje. Ikiwa misuli imechanika tena, ishonwe chumba cha upasuaji, kwa ganzi na mwanga wa kutosha, upewe antibiotiki na laktulosi ya kulainisha choo kwa siku 10 hivi. Uwe umezaa kwa njia yoyote, rudi kati ya wiki ya 6 na ya 12 na daftari jipya la wiki mbili. Dalili zikiwa bado zipo, omba rufaa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa utumbo mpana. Misuli iliyobaki na pengo inaweza kushonwa upya, lakini upasuaji huo ni bora usubiri hadi mmalize kuzaa.